Deni la Shukrani

Injili yatusimulia habari ya wakoma kumi waliotakaswa na Bwana wetu, na mmoja tu, tena Msamaria, akarudi kushukuru. Twawalaumu wale tisa, kisha twarudi nyumbani na kutenda kama wao. Yawezekana hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haraka ya kuwaona jamaa zao, na katika furaha yao wakamsahau aliyewaponya. Mara nyingi utovu wa shukrani si chuki, ni haraka tu.

Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu na uwanja wa Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43. Walikufa 19, wakaokoka 24. Waliotangulia kuwafikia ni wavuvi katika mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alipewa zawadi ya shilingi milioni moja, na Serikali ikamwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jambo hilo lilikuwa jema, nalo latufundisha. Fedha huliwa ikaisha. Bali kazi ile ilimtazama kijana mwenyewe na moyo wake wa kuokoa. Lakini mtumbwi haukuwa mmoja siku ile. Wavuvi wengine nao walijitosa, na majina yao wengi wetu hatuyajui.

Wasomaji wetu wapenzi, wangapi watuokoao kila siku bila kutajwa? Huku Mwanza yuko mpagazi wa Mwaloni Kirumba, achukuaye magunia ya dagaa tangu alfajiri. Yuko mama awaanikaye dagaa hao juani. Yuko mkunga wa zahanati, mlinzi wa usiku, na binti wa kazi aamkaye kabla ya jogoo. Msukuma husema "Wabeja", neno fupi lisilogharimu kitu. Lakini je, neno peke yake latosha?

Kwanza, shukrani haiwezi kukaa mahali pa haki. Kumwambia binti wa kazi "asante" huku mshahara wake wa miezi miwili tumeushikilia ni kumdhihaki. Tumlipe kwanza, ndipo tumshukuru.

Pili, tumwite mtu kwa jina lake, na tulitaje jambo alilolitenda. "Mama, uji ule uliomletea mgonjwa wetu ulimpa nguvu ya kuketi": maneno hayo yazidi asante kumi zitolewazo mlangoni.

Tatu, tutazame hali ya mtu. Mwenye haya tusimsifu mbele ya mkutano, tumwendee nyumbani. Mfanyakazi mwema tumseme vizuri mbele ya mkubwa wake, na mzazi mbele ya watoto wake. Bakuli la jirani lisirudi tupu, ijapokuwa ni viazi viwili tu. Wala tusimlemee maskini kwa zawadi kubwa asiyoweza kuirudisha.

Nne, tusingoje matanga. Ni mara ngapi twasimama kaburini kumsifu mwalimu mzee au katekista, ambaye katika miaka yake ya ugonjwa hatukumpigia hodi hata mara moja? Sifa zile angalizisikia akiwa hai, zingalimpunguzia upweke. Sasa zatufariji sisi wenyewe tu.

Neno Ekaristi lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni shukrani. Basi yafaaje kutoka katika shukrani iliyo kuu kuliko zote, kisha kumpita pasipo salamu yule aliyelifagia kanisa?

Jioni ya leo, baada ya sala, baba na mama wawaulize watoto: nani alitutendea mema nasi hatukurudi? Watajwe kwa majina, na juma hili aendewe mmoja. Yule Msamaria alirudi kwa njia ile ile aliyoijia. Nasi turudi, maadamu wanaotudai wangali hai.