Mbavu za Mwenzangu

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mwenzangu alianguka ghafula mbele yetu. Hakuitika, wala hakuvuta pumzi. Nilimkandamiza kifua, nikasikia ubavu ukialika chini ya mikono yangu. Hakuamka. Matangani kaka yake aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, ya nini kumvunja mtu aliyekwisha kufa?" Sikuwa na jibu.

Huduma ya kwanza niliifundisha miaka mingi kwa kukaririsha tu, kosa la kawaida letu sisi walimu. Nilidhani kukandamiza humwamsha mtu. Sivyo, ni mara chache moyo kurudi kwa mikono peke yake. Moyo ukisimama, damu nayo husimama, na baada ya dakika 4 hivi ubongo huanza kuharibika. Lakini kwa aliyeanguka ghafula damu ile bado ina oksijeni. Kilichokosekana ni msukumo. Ukibonyeza katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, damu husukumwa mpaka kichwani. Ukikiachia kifua kipande, moyo hujaa tena. (Aliyezama majini huanzwa kwa pumzi, maana oksijeni yake imekwisha.) Hata fundi hapati zaidi ya theluthi hivi ya kazi ya moyo mzima. Theluthi hiyo huulinda ubongo kwa muda, mpaka waje wenye dawa na mashine ya kuushtua moyo kwa umeme.

Basi, je, ni haki kumuumiza mtu kwa tumaini dogo namna hiyo? Wako wasemao, "Siku yake imefika, mwacheni." Nawauliza: nani amewaonyesha kalenda? Ubavu huunga, ubongo uliokufa hauungi. Kwa aliyesimama moyo hakuna hali mbaya zaidi ambayo mikono yangu ingemtia. Mgonjwa wa siku nyingi, aliyekwisha kuaga watu wake na kuomba aachwe, huyo ni mwingine. Kwake ningekaa na kumshika mkono tu. Mwenzangu hakuwa ameaga. Asubuhi ile alikuwa akisahihisha madaftari.

Kinachoniuma leo si ubavu ule. Ni zile dakika za kwanza, tulipokuwa tukimpepea na kummwagia maji.

Nilikwenda kumweleza kaka yake. Alinyamaza kitambo, kisha akafungua vifungo vya shati lake, akasema, "Nionyeshe, mikono huwekwa wapi?"