Mnaofunga Mlango na Kwenda

Sikieni, watu wa Kisangani, wa Makiso na Kabondo, wa Mangobo na Tshopo, nanyi wa Lubunga ng'ambo ya mto. Nina neno nanyi kuhusu paka. Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni mmalize upesi, maana mizigo iko bandarini, kamba inafunguliwa, na nyuma yenu, ndani ya nyumba ya mabati yenye kufuli mbili, kuna mnyama anayekodolea macho bakuli tupu.

Ole wenu mnaosafiri kana kwamba hamdaiwi na mtu. Wiki nzima mlikuwa mkipanga. Sentineli ameambiwa alale barazani, si nyuma ya jikoni. Fedha za likelemba zimewekwa kwa mama anayezikusanya, zamu isiwapite. Jenereta imefungwa mnyororo. Funguo za akiba anazo shangazi, na shangazi ameapishwa. Friji imezimwa, mchele umehamishiwa kwa jirani usiingie wadudu, hata maua ya mlangoni yamepata mtu wa kuyamwagilia. Ndipo mtoto anauliza: na paka je? Baba, mguu mmoja umeshapanda baiskeli ya toleka, anajibu bila kugeuka: "Atajitafutia."

Jibu hilo ndilo nililokuja kulikaripia.

Atajitafutia nini? Mlimleta kwa sababu ya panya, wala sioni ubaya. Ndivyo paka walivyoingia majumbani tangu zamani, wakifuata panya waliofuata nafaka. Lakini fikirini hata kwa hesabu ya mfanyabiashara. Mkihamisha mchele, mkafagia jiko na kukausha masufuria, panya naye anahama. Hana sababu ya kubaki. Atapita kwenye tundu lake hadi kwa jirani mwenye gunia la mahindi, na usiku huohuo atakuwa ameshiba. Paka hana tundu. Madirisha mmeyatia nondo kwa ajili ya wezi na nyavu kwa ajili ya mbu. Kwa hiyo mmeondoa panya, mmeondoa chakula, mmeondoa njia ya kutokea, kisha mkamwachia mnyama kazi ya kujitafutia. Na mji huu umekaa karibu juu ya mstari wa ikweta. Mnajua bati la saa nane mchana linavyochoma. Ninyi wenyewe hukimbilia chini ya mwembe. Maji mliyomwekea kwenye kisahani yalikwisha kabla meli haijapita kona ya kwanza ya mto.

Wengine mtasema, "Sisi hatukumfungia, tulimwacha nje." Nje! Nje kuna mbwa wasiochanjwa, na akiumwa na mbwa mwenye kichaa, kesho yeye ndiye atakayemkwaruza mtoto wa jirani; ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Nje kuna sumu ya panya inayouzwa barabarani. Jirani yenu, ambaye panya wenu wamehamia kwake, ameshaitega, na paka mwenye njaa humshika panya anayepepesuka kwa sababu ndiye rahisi kushikwa. Nje pia kuna sufuria. Tusidanganyane, wapo wanaomla paka, na paka wa watu waliosafiri hana wa kumuulizia.

Lakini wabaya kuliko wote ni ninyi wenye maduka na depo. Paka wenu mmemfunga kamba shingoni, kamba ya katani au kipande cha waya, mguuni pa rafu, kati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Siku za kazi hutupiwa kichwa cha samaki mpiodi na siku zinapita. Ikifika sikukuu, au msiba kijijini, au safari ya kufuata mali Kampala, mnashusha mlango wa chuma, mnatia kufuli, na kamba inabaki pale pale. Panya anapita mbele yake, hatua moja zaidi ya urefu wa kamba.

Waislamu wa mji huu, ninyi hamhitaji niwaeleze. Hadithi mnayo, kwa Bukhari na kwa Muslim: mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga wala hakumchinja. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajilie viumbe wa ardhini. Someni tena sehemu hiyo ya mwisho, enyi wa depo, maana imesemwa kama vile msemaji ameiona kamba yenu. Hadithi hiyo si ngeni kwenye maporomoko haya. Ilifika na misafara ya pwani, ile ya akina Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar aliyefanywa gavana hapa mwaka 1887. Misafara hiyohiyo ndiyo iliyoleta lugha hii ninayowakaripia kwayo. Waliibeba habari ya mwanamke na paka, huku wakiwaongoza wanadamu kwa minyororo shingoni. Kwa hiyo msiniambie mmeisikia. Hata wao waliisikia.

Nanyi Wakristo msijifiche nyuma ya jirani. Mnampenda Yona mnapohubiri juu ya samaki, kisha mnafunga Biblia kabla ya mwisho. Kitabu kile kinaishia na swali la Mungu kwa nabii aliyekasirika: asiuonee huruma Ninawi, mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia? Wanyama ndio neno la mwisho. Nabii hakujibu. Naona na ninyi mmeamua kutojibu.

Sasa nije kwenye uongo wenu mkubwa, ambao si wa paka peke yake. Ni uongo wa siku.

Mnasema, "Nakwenda, narudi baada ya siku nne." Katika mji huu! Kutoka hapa hadi Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Kushuka ni suala la majuma, kupanda ni zaidi, na hapo injini haijafa, chombo hakijakaa juu ya mchanga maji yakiwa machache, nahodha hajaegesha balenieri mahali ili kungojea mizigo ambayo haijafika sokoni. Ndege ya Bangoka nayo inaondoka inapoondoka. Kwenye matanga mlikwenda kulia siku tatu, ndugu wakaanza kugawana lupango, kiwanja cha marehemu, mkakaa mwezi. Na mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na uwanja wake wa ndege ukafungwa, ni safari ngapi za siku nne zilizogeuka kuwa za miezi? Aliyekwama simlaumu. Namlaumu anayeishi ukingoni mwa mto huu maisha yake yote, anayejua jinsi safari zilivyo, kisha anaacha samaki wa siku nne na kusema amepanga. Hukupanga. Ulijisemea maneno ya kujituliza.

Paka mnene akikaa siku chache tu bila kula, ini lake hujaa mafuta na huweza kumuua hata chakula kikirudi. Nalisema hili kwa sababu mnapenda kusema, "Huyu kanona, atavumilia."

Wengine mtasema mmemwacha na mtu. Na nani? Na yule mpwa wa miaka kumi na mmoja mliyemleta kutoka Opala eti asome. Mmemwambia, "Umwangalie paka." Hamkumpa franka moja. Hamkumwonyesha samaki wako wapi. Jiko mmelifunga asiibe sukari. Mtoto mwenyewe anakula kwa shangazi, na shangazi anamhesabia vijiko. Basi mtoto afanye nini? Atamtupia paka bonge la fufu. Paka atanusa, ataondoka, na mtoto atasema anaringa. Haringi. Mwili wake umeumbwa kwa nyama. Kuna kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki, taurini, asichoweza kujitengenezea vya kutosha, na akikikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Fufu haina. Wali hauna. Samaki wa makayabu wanayo, lakini pamoja na chumvi ya kumkausha koo katika nyumba isiyo na maji.

Palikuwa na mzee mmoja London, karne ya 18, Samuel Johnson, mtunga kamusi, mtu mkubwa wa mwili na wa jina. Alikuwa na paka aitwaye Hodge. James Boswell, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba mzee huyo alikuwa akitoka mwenyewe kwenda kumnunulia paka wake chaza. Watumishi alikuwa nao. Hakuwatuma, kwa kuhofia kwamba wakisumbuliwa kwa ajili ya paka wangemchukia maskini yule. Johnson alijua kitu ambacho ninyi hamtaki kukijua: usumbufu mnaomtwika mtu bila malipo hautawapata ninyi mlio mbali, utampata mnyama aliye karibu. Teke mnalosikia habari zake mkirudi, ninyi ndio mliolitupa, siku mliyosema "umwangalie" na mkafunga mkoba wa fedha.

Najua mlilonalo mdomoni: katika mji ambamo watoto hulala na njaa, huyu anatuhubiria paka. Ningenyamaza kama kichwa kile cha mpiodi mngekuwa mmempa mtoto. Hamkumpa mtoto, hamkumpa paka. Kiko kwenye friji ya shangazi. Isitoshe, si maskini ninayemkemea hapa. Kwa wavuvi wa Wagenia matumbo ya samaki humwagwa na paka hula, wala hakuna aliyehitaji mahubiri. Nakemea sanduku lenye magurudumu. Nakemea tiketi ya Dubai. Nakemea mtu anayemlipa fundi wa nywele kwa ajili ya picha za uwanja wa ndege, kisha anakosa bei ya fungu la samaki wadogo.

Wala simsemi aliyekimbia. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya mji wetu, hakuna mwenye haki ya kumuuliza mtu yeyote habari ya paka. Waliovuka kutoka Lubunga mwaka 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola ulipogeuka moto na panga, walibeba walichoweza, na wengine hawakubeba kitu. Hao waacheni. Lakini msijifunike nguo yao. Ninyi mliondoka mchana, mkiwa mmeoga, tarehe mkaichagua wenyewe.

Kuna jambo jingine, nanyi wachungaji mlitazame. Siku ya nne au ya tano mnyama aliyefungiwa huanza kulia usiku. Kilio cha paka mwenye njaa kinafanana na cha mtoto mchanga, na nyumba ni giza, na wenyewe hawapo. Majirani husema nini? Ndoki, mchawi. Wanasema wenye nyumba wameacha kitu kikilinda mali yao. Akiwa mweusi, basi kesi imekwisha. Anapochomoka kwenye upenyo wa bati anapokewa kwa mawe, na kuna mhubiri atakayesimama Jumapili kutoa ushuhuda wa ushindi. Ninyi wachungaji mliowaombea hao wasafiri viza na tiketi, mkaweka mikono juu ya masanduku yao, mlishindwa kuuliza swali moja tu: nani anabaki nyumbani, na atakula nini? Mngeuliza, msingekuwa na pepo wa kukemea.

Mwasema, basi tufanye nini, tumbebe ndani ya meli? Hapana. Paka ni mtu wa mahali. Mkimhamishia kwa rafiki Mangobo atatoroka kutafuta lupango lake, na barabara zenu zina pikipiki. Mwacheni kwake, pawe na upenyo wa kuingilia na kutokea. Mtafuteni mtu mzima, aje asubuhi na jioni, tena aje mara kadhaa kabla hamjaondoka ili paka amjue kwa harufu. Mpeni fedha mkononi, si ahadi ya zawadi. Mkiamini ni siku nne, acheni za majuma matatu, na fedha zikibaki ni zake. Mchagulieni na wa pili, maana wa kwanza naye ana ndugu, na ndugu hufa. Mwambieni jirani anayetega sumu kwamba paka yupo. Kama mna simu ya kutuma picha za hoteli, mnayo pia ya kuuliza kama amekula. Mkiona haya yote ni mengi mno kwa mnyama, basi mlikuwa mnahitaji mtego wa panya. Unauzwa sokoni, na hauli.

Kisha mnarudi. Vitenge vya Kinshasa mabegani, simu mpya, watu wamejaa barazani kusalimia. Mnaangaza macho, paka hayupo. Mnamwita yule mpwa kutoka nyuma ya nyumba, mbele ya wageni wote: "Mbona umemuua paka wangu?" Na mkono unainuka.

Teremsheni mkono huo. Hesabuni siku mlizosema, kisha hesabuni siku mlizokaa. Mwulizeni mtoto mlimwachia kiasi gani, na mmwache ajibu mbele ya haohao wageni. Mlipeni kwa kila siku aliyomtupia paka fufu yake mwenyewe akabaki na njaa, na mmwombe radhi kwa jina lake. Paka mwingine msilete kwanza.