Nasaha kwa Mwenye Kutaka Kusafiri kwa Ajili ya Elimu

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kufuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo, imekuwa desturi katika Zirai na vijiji vingine vya milima ya Usambara, kama ilivyo katika Tanga na Pangani na Mombasa, kwamba kijana akimaliza skuli au akikhitimu madrasa moyo wake huelekea ng'ambo. Mmoja hutaja Madina, wa pili Misri, wa tatu Uturuki, wa nne India. Na hamu hii si aibu, bali ni urithi wa wema waliotangulia. Mtume (S.A.W.) amewabashiria wenye kushika njia ya kutafuta elimu kuwa Mwenyiezi Mungu huwarahisishia kwayo njia ya Pepo. Lakini ibada isiyo na elimu huharibika, na safari ya elimu nayo ni ibada. Basi yapasa ijulikane sharti zake kabla shamba la iliki halijauzwa na mkopo haujachukuliwa.

Jambo la kwanza ni kujua nani aende. Katika Sura ya Tawba, aya ya 122, Mwenyiezi Mungu ameeleza kuwa haiwafalii Waislamu kutoka wote pamoja, bali litoke kundi katika kila jamaa likajifunze dini, kisha liwaonye watu wake litakaporejea kwao. Na atazame mwenye akili namna aya hii ilivyokusanya mambo matatu: wanaokwenda ni baadhi, wanachokiendea ni ufahamu, na mwisho wa safari ni kurejea. Leo mambo yamegeuzwa. Anayekwenda ni yule ambaye baba yake ana fedha, au aliyekutana na wakala hodari wa maneno. Na yule mwenye hifadhi na adabu hubaki kuchuma chai kwa kuwa hana wa kumsemea. Hii ni khasara ya mji mzima, maana mji hupeleka mwenye nauli ukamwacha mwenye kichwa.

Basi wazee wa msikiti na walimu wa madrasa na wakae kitako, wamtazame kijana aliye bora kwa dini na bidii, wambebe wote pamoja. Na wala wasiseme hakuna fungu la kumsaidia. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema kuwa mwenye kushughulika na elimu ya sheria, naye kazi ya kuchuma ingemzuilia elimu ile, huyo huhesabiwa fakiri na hupewa zaka, hata akiwa ana nguvu za kufanya kazi. Lakini apewe angali mjini kwao, kwa kuwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba zaka haihamishwi kupelekwa mji mwingine hali wenye kuistahiki wapo.

Jambo la pili ni haki za watu. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa mwenye deni lililokwisha fika wakati wake ni haramu kwake kusafiri ila kwa ruhusa ya anayemdai. Ama idhini ya wazazi, haikuwa sharti kwa safari ya kujifunza elimu ya lazima, wala kwa elimu ya fardhi kifaya katika kauli iliyo sahihi zaidi. Na katika fardhi kifaya imo elimu ya tabibu na hisabu, si fiq'hi peke yake. Lakini kijana asiichukue ruhusa hii akaifanya fimbo ya kuwapigia wazazi wake. Ikiwa mama yake ni mkongwe na hana mwingine wa kumlisha, nafaka yake ni wajibu juu yake, na wajibu haupishwi na tamaa. Na hata pasipo wajibu, radhi ya mama ndiyo masurufu ya kwanza ya safari.

Jambo la tatu ni matayarisho. Nabii Musa (A.S.), pamoja na utukufu wake, alipotaka kusoma kwa mja mwema ambaye wanavyuoni wamemtaja kuwa ni Khidhri, hakutoka ovyo. Alijua mahali anapokwenda, alichukua mwenzi wa safari, na alichukua chakula. Alipofika aliomba kwa adabu, akataka ruhusa ya kumfuata ili afunzwe. Akatajiwa sharti, akaikubali. Na alipokosa subira mara tatu walifarikiana. Hadithi hii ya Sura ya Kahf ni funzo zima kwa mwombaji wa chuo: ajue aendako, achukue chakula chake, aombe kwa adabu, asome sharti, na akiikubali aitimize.

Na mfano wa Imam Shafi'i (R.A.) ni karibu zaidi. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, akalelewa Makka na mama yake naye ni yatima maskini. Alitamani kusoma kwa Imam Malik katika Madina. Imepokewa kuwa kabla ya kutoka alihifadhi kwanza kitabu cha Muwatta, kisha akatafuta barua ya liwali wa Makka ya kumtambulisha. Ilipofikishwa barua ile, Imam Malik alichukizwa kuwa elimu ya Mtume inatafutwa kwa nyaraka za wakubwa. Shafi'i akajieleza mwenyewe, na Malik akaona alichonacho kifuani, akampokea. Barua ilimfikisha mlangoni. Kilichomwingiza ni hifadhi yake.

Basi kijana wa Zirai anayetaka kusoma katika nchi za Kiarabu na aanze nyumbani miaka miwili au mitatu kabla. Adurusu nahau na sarufi kwa shekhe wa karibu, asome Safinatu Najaa na Abu Shujaa, asiiache Kur'ani, wala asidharau masomo ya skuli, kwa kuwa vyuo hutazama cheti cha sekondari na alama zake. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufa Unguja mwaka 1925, aliposafiri kwenda Istanbul na Misri alikuwa amekwisha soma kwao na kushika ukadhi. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka alipokufa mwaka 1947, elimu yake aliitwaa kwa mashekhe wa Mombasa na Unguja. Asiyekunywa kisima cha kwao hatajua kuteka maji katika mto wa wengine.

Jambo la nne ni maombi yenyewe, na hapa ndipo wengi huliwa fedha zao. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, hupokea maombi ya wageni kwa mtandao, na mwombaji huweza kuyajaza kwa mkono wake mwenyewe. Sharti zake zinazojulikana ni kuwa umri wa mwombaji wa shahada ya kwanza usipite miaka 25, na cheti chake cha sekondari kisiwe kimepita miaka 5. Basi anayekaa miaka sita akingoja ahadi ya wakala, mlango umekwisha fungwa naye hana khabari. Na kila mwaka asome sharti katika tangazo la chuo chenyewe, si katika mdomo wa mpita njia.

Nyaraka na zitayarishwe mapema: cheti cha kuzaliwa, cheti cha Baraza la Mitihani, pasi ya kusafiria, cheti cha polisi cha tabia njema, cheti cha afya, na barua za mashekhe wanaomjua kweli. Na jina liwe moja. Wako vijana walioandikwa Muhamadi katika cheti cha kuzaliwa, Mohamed katika cha skuli, na Muhammad katika pasi. Mtu mmoja akawa watu watatu, na maombi yakakwama. Tena shekhe asitie mkono barua ya asiyemjua, maana barua hiyo ni ushahidi, na ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa. Vivyo hivyo cheti cha kughushi: atakayeingia kwa khadaa katika nyumba ya elimu ameanza kusoma kwa dhambi.

Kabla ya kuondoka apate pia kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania cheti cha kutokuwa na pingamizi, na aulize kama shahada ya chuo kile itatambuliwa atakaporudi. Na atazame amani ya njia na ya mji. Vita vilipozuka Khartoum mwezi wa Aprili mwaka 2023, wanafunzi wa Tanzania waliokuwa wakisoma huko walilazimika kuondolewa, na masomo yao yakakatika. Kadari ni ya Mwenyiezi Mungu, lakini kuuliza khabari za nchi kabla ya kuiendea ni katika kumfunga ngamia. Na aliyekosa ng'ambo asijione amekosa elimu: Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kiko Mbale tangu mwaka 1988, na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro tangu mwaka 2005.

Jambo la tano, nalo ndilo kubwa, ni kurejea. Aya ilitaja kurejea, na wengi wameisahau. Yuko anayekwenda asirudi, akaacha mji uliombeba uko gizani. Na yuko anayerudi, lakini neno lake la kwanza ni kuwakufurisha wazee waliomchangia nauli, akaugawa msikiti mmoja ukawa miwili kwa ajili ya kunuti na maulidi. Huyo amerudi na vitabu akaiacha adabu bandarini. Mwenyiezi Mungu alisema awaonye watu wake, na maonyo ya mwana kwa baba huanza kwa kuinama. Akiona kosa alieleze kwa dalili na upole; akiona ni khitilafu ya wanavyuoni, aiache mahali pake.

Basi kijana na aswali istikhara, ashauriane na wazee, asafishe nia yake isiwe ya cheo wala ya kujionyesha, kwani amali ni kwa nia. Na wazee wa Zirai na wajue kuwa mwana waliyempeleka ni amana yao: wakimchagua kwa haki, na wakimsaidia kwa halali, kila herufi atakayomfunza mtoto wa milimani watakuwa na fungu lao katika thawabu yake, hata wakiwa makaburini.

Mwenyiezi Mungu awafungulie vijana wa Kiislamu milango ya elimu yenye manufaa, awahifadhi katika safari zao, na awarejeshe kwao na nuru isiyounguza. Amin.