Kikanisa Kisicho na Waumini

Je, kanisa lisilo na waumini ni kanisa bado? Swali hili lasikika kila mara parokia ijengapo kanisa kubwa kando ya barabara, na kikanisa cha kwanza cha kigango kikabaki kimefungwa, popo wakitawala darini. Wengine husema: na kibomolewe, mawe yake yatufae. Wana sababu, maana fedha ni chache na maskini ni wengi. Lakini kabla ya kujibu, tutazame pwani yetu.

Vijiji vya Ufaransa na Italia vina makanisa ya mawe, yenye kuta nene na matao ya duara, yaliyosimama tangu karne ya 11 na ya 12. Sisi hatuna kanisa la umri huo. Nyumba za sala za kale hapa pwani ni za ndugu zetu Waislamu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107, na hata leo watu husali humo. Ule wa Tongoni, ambao mtu huufikia akitoka Mabawa kwa njia ya Pangani, umebaki gofu katikati ya makaburi ya nguzo.

Katika miamba ya bahari ya upande huo merikebu ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwaka 1498. Mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekwisha kufa, Wareno waliiteketeza kwa moto. Rafiki waliyempata pwani alikuwa mfalme wa Malindi. Na huko Malindi ndiko kiliko kikanisa chao, kidogo, chenye paa la makuti, makaburi yakikizunguka.

Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri, akienda Bara Hindi, alitua Malindi na kumzika mmoja wa wasafiri wenziwe. Aliandika katika barua kwamba mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima, alimwuliza kama Wakristu huenda kusali kwa bidii; kwani mji wake ulikuwa na misikiti 17, na ni mitatu tu iliyopata watu. Walijadiliana, kila mmoja akabaki na mawazo yake. Sisi twampenda mzee huyo. Kuta zote 17 zilikuwa zimesimama, naye alihuzunika.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, nguvu zao zikahamia huko. Kikanisa cha Malindi kilikuwa cha wageni. Wageni walipoondoka, hakikuwa na mjukuu wa kukirithi. Walibaki wafu wake.

Na hapo, kwa maoni yetu, ndipo lilipo jibu. Uzee wa mawe peke yake haudai kitu. Hata pango ni la kale. Lakini kuzika wafu ni tendo la huruma, wala tendo hilo haliishi siku ya mazishi. Baharia yule hana ndugu Malindi wa kumpalilia kaburi. Aliyezikwa kwa sala za Kanisa ana haki ya kuombewa na Kanisa, hata kama lugha yake hatuijui.

Nyuma ya vigango vingi vilivyofungwa wamelala makatekista wa kwanza na wake zao, na wazee wangali wakiyakumbuka majina yao. Novemba, mwezi wa marehemu, yafaa watoto wapelekwe huko na majembe yao. Ufunguo upo parokiani.