Meza Moja Ndefu



Kijana mwenzangu, leo tutafakari swali linalotusumbua wengi tunaosoma vyuo vya Dar na kupanga vyumba huku Mbagala, Tandika, Sinza na Kimara. Kikundi chetu kikibaki kidogo, je, bado kina maana mbele za Mungu?

Nauliza kwa sababu kikundi chetu cha sala cha Alhamisi, hapa Mbagala, kilianza na watu kumi na wanne. Sasa tukijitahidi sana tunafika watano. Kwenye grupu la WhatsApp tumejaa tele, ila chumbani mikeka inabaki mitupu. Juzi mwenzetu mmoja akasema wazi, "Jamani, tufunge tu, kila mtu asali kwake." Hakuna aliyemjibu haraka, maana kila mmoja alikuwa ameshaliwaza hilo kimoyomoyo.

Nikitafuta jibu, nimesoma historia ya nyumba moja ya Wabenediktini iliyokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Iliitwa St Benet's Hall, na Benet ni namna ya zamani ya Waingereza kulitamka jina Benedikto. Usifikirie bweni la kulala tu. Oxford kila mwanafunzi ni wa chuo au nyumba fulani ndani ya chuo kikuu, na hiyo ndiyo familia yake ya masomo: huko anakula, anasali na kukutana na walimu wake.

Wabenediktini hawakuwa wageni Oxford. Walikuwa na nyumba yao ya masomo huko tangu karne ya 13, hadi Mfalme Henry VIII alipozifunga monasteri zote za nchi ile. Zikapita zaidi ya miaka 300. Kanisa lenyewe liliogopa kupeleka vijana wake Oxford wasije wakapoteza imani, na ruhusa ya Roma ilipatikana mwaka 1895. Miaka miwili tu baadaye, 1897, wamonaki wachache wa abasia ya Ampleforth wakafungua nyumba yao. Hawakusubiri wawe wengi. Mwaka 1918 ikapata hadhi ya kudumu, na mwaka 1922 ikahamia mtaa wa St Giles', kwenye jengo lililokuwa konventi ya masista Waursulini.

Kilichonigusa zaidi ni meza. Vyuo vingi vya Oxford vina meza ya juu ya wakubwa, na wanafunzi wanakaa chini yake. St Benet's hawakuwa na hiyo. Wamonaki, walimu na wanafunzi walikaa kwenye meza moja ndefu. Bila shaka hapo kuna roho ya Mtakatifu Benedikto. Katika Kanuni yake, sura ya 35, anataka ndugu wapeane zamu ya jikoni, wote wahudumiane. Katika sura ya 3 anamwambia abate aite jumuiya nzima kwenye shauri zito, hata wadogo, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Yaani mtoto wa mwisho asiambiwe anyamaze! Wangapi kati yetu tumeacha vikundi kwa sababu tulikaa miaka miwili na hakuna aliyewahi kutuuliza, "Wewe unaonaje?"

Sasa lililo gumu. Nyumba ile ilifungwa mwaka 2022. Fedha ziliyumba, chuo kikuu hakikuendelea kuipa kibali, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine vya Oxford. Miaka 125 ikaishia hapo. Siwezi kukudanganya kwamba ukipenda na kusali basi mambo hayafungwi. Yanafungwa. Ndiyo maana Benedikto, katika sura ya 31, anataka mtunza mali aviangalie vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Daftari la michango nalo ni sehemu ya ibada. Bumu likiingia, tusiseme tu "Mungu atatenda" huku hakuna anayejua elfu ishirini za mwezi jana zilienda wapi.

Lakini kufungwa si sawa na kupotea. Hata hapa kwetu tunajua. Wabenediktini wa St. Ottilien walifika Dar es Salaam mwaka 1888 na kuweka misheni yao Pugu. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, Pugu ikavamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Misheni haikuwa imefikisha hata mwaka mmoja na nusu. Mtu angeangalia majivu yale angesema, kwisha habari. Ila mwaka 1898 Peramiho ikaanzishwa, na mwaka 1906 ikafuata Ndanda. Wangapi leo wamesoma, wametibiwa na kubatizwa huko? Mbegu ya Yohane 12:24 haikuahidiwa kwamba itabaki ilivyo. Ilitumwa udongoni ife, izae.

Kwa hiyo, mwenzangu, nadhani swali "tutadumu?" si letu kulijibu. Letu ni hili: aliyekuja Alhamisi hii, je, amelishwa? Ametoka ameombewa mtihani wake, ada yake, mama yake anayeumwa? Yesu alipoahidi kuwa katikati yetu hakuweka kiwango cha chini cha watu hamsini. Alitaja wawili au watatu, na sisi tuko watano.

Nimewaambia wenzangu ninachopendekeza: tusifunge kabla ya kujaribu meza moja. Baada ya sala tupike pamoja, kwa zamu, hata kama ni ugali na dagaa. Mgeni apakue wa kwanza. Mdogo kuliko wote aulizwe maoni wa kwanza. Na mwenzetu aliyesema tufunge ndiye tumwombe atunze daftari, maana anaona ukweli. Na siku ikifika ya kufunga kweli, tufunge tukiwa tumeshiba na hatudaiani.

Wiki hii, mtafute mmoja aliyeacha kuja kwenye kikundi chako. Usimtumie ujumbe, mpigie au nenda kwake. Usimhubirie. Mwambie tu kuna chakula.

Mtakatifu Benedikto, utuombee. Amina.