Deni la Mpita Njia

Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walichonga ngazi katika barafu ya Kilimanjaro. Baada ya siku tatu wakazifuata ngazi zizo hizo, wakafika kileleni. Lakini alama haidumu. Juu ya msitu, penye njia zisizopitwa sana, ukungu ukishuka mpandaji hutazamia chungu za mawe, nazo hubomoka. Je, aionaye imebomoka ana deni? Wengine husema hana, maana hakuibomoa yeye. Walakini sisi twasema analo: alifika hapo kwa mawe ya watu asiowajua, wala hawezi kuwalipa, basi na amlipe ajaye nyuma. Bali asiyeijua njia asiweke jiwe, maana alama ya uongo hupoteza kuliko kukosa alama. Vivyo hivyo nasi tufundishao: tujenge palipobomoka, wala tusielekeze watu njia tusiyoipita.