Si Wangu, Huja Tu

Ukitaka kujua paka ni wa nani katika nyumba zetu za Kiswahili hapa Mombasa, usiulize siku aliyokamata panya. Siku hiyo kila mpangaji atakwambia ni wake. Uliza siku aliyoingia chumba cha jirani akaondoka na changu mzima aliyekwisha kupakwa chumvi na ndimu, mafuta yakiwa motoni. Hapo utasikia jibu ambalo kwa kweli limenichosha: “Huyo si wangu, huja tu.”

Huja tu vipi? Na ile sahani ya maziwa iliyo mlangoni mwako? Na vichwa vya samaki unavyomtupia kila jioni huku ukimwita kwa jina? Paka huja palipo na chakula, na aliyemzoesha ana jina na chumba. Hasira yangu iko hapo. Paka mwenyewe simlaumu, maana anafanya aliloumbiwa.

Nyumba tunayokaa ina vyumba sita, ukumbi katikati, na ua wa nyuma wenye jiko, bafu na tangi la maji. Paka wanaingia na kutoka kwa kupitia juu ya mabati, nyumba hadi nyumba, wala hakuna ukuta unaowazuia. Madume wakianza kugombea jike usiku wa manane, mtoto aliyelala kwa taabu anaamka na mgonjwa anageuka hadi alfajiri. Wanakojolea milango na magunia ya makaa, na harufu ile hushindana na sabuni ikaishinda. Daktari yeyote wa mifugo atakueleza kwamba dume ambaye hajahasiwa huweka mipaka ya eneo lake kwa mkojo na kwa ngumi, na akihasiwa mapema mengi ya hayo hupungua. Kumbe tiba ipo, anayekosekana ni wa kumbeba kumpeleka.

Kando ya njia yetu kuna lundo la mchanga wa ujenzi. Mchana watoto wanapikia hapo, wanasonga ugali wa mchanga na kuupakua kwenye vifuniko vya chupa. Usiku paka wanachimba palepale, wanajisaidia na kufukia. Nilimwona mama mmoja mjamzito akimpangusa mwanawe vidole kwa upindo wa leso, kisha akaendelea kumenya viazi. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kijidudu kiitwacho toksoplasma. Mtu mwenye afya akikipata mara nyingi hata hajijui, lakini mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho na ubongo. Sisemi haya ili wajawazito waanze kufukuza paka kwa fagio. Ugonjwa huohuo hupatikana kwa nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa. Tena kinyesi kibichi hakiambukizi, kwa sababu mayai ya kijidudu hicho huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo beseni la mchanga uani, likizolewa kila asubuhi na mtu asiye na mimba, lingetuondolea sehemu kubwa ya hatari hii. Alizoe nani? Mwenye paka. Na mwenye paka, kama tulivyosikia, hayupo.

Mwaka 2024 bunge la Kaunti ya Nairobi lililetewa mswada wa kudhibiti wanyama uliotaka anayefuga paka alipie leseni ya shilingi 200 kwa mwaka, awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, amfungie jike anapotaka dume, na ahakikishe paka wake hawasumbui watu kwa kelele. Wengi waliupinga. Ulikuwa mwaka ambao Wakenya waliingia barabarani kwa ajili ya kodi, na neno leseni peke yake lilitosha kuwachoma. Mimi naukubali nusu. Chanjo ni haki kabisa. Kichaa cha mbwa kwa kawaida hutuletea mbwa, lakini paka naye huugua na huambukiza, na dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Paka huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, na aliyeumwa na paka asiyejulikana aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Hofu yangu ni ile leseni. Mtaani kwetu ingezaa “si wangu” nyingine nyingi. Vyumba sita vinalisha paka mmoja, karani akija na kitabu chake cha stakabadhi, nani atanyosha mkono?

Pwani tumelelewa kumpenda paka. Anaingia msikitini, analala kwenye mkeka, na mabaki ya maji aliyokunywa hayahesabiwi najisi. Sote tumesimuliwa madrasa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi tumechukua lile la mwisho tu, kwamba paka aachiwe, na tukaona tumemaliza. Mimi nasikia pia lile la kwanza, kwamba mwanadamu aliulizwa juu ya mnyama aliyekuwa mikononi mwake. Kumwachia ni jambo moja, kumkana ni jingine.

Tukimkana, yanayofuata tunayajua. Paka jike hushika mimba akiwa bado mtoto, miezi minne au mitano, hubeba kwa muda wa miezi miwili tu, na huweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Ndipo watu huchukua boksi la biskuti wakaenda kulitua karibu na soko la samaki, wakajiambia kwamba pale riziki haikosekani. Nimelifungua mojawapo. Vitoto vinne, macho hayajafumbuka, siafu wamekwisha kuingia kwa pembeni. Aliyeviacha alikuwa ameweka na kipande cha mkate, vitoto ambavyo havijaota hata jino.

Wengine wanatia sumu ya panya ndani ya samaki na kumwacha afe kwa mateso chini ya kitanda cha mtu. Huo ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inautambua kuwa ni kosa. Jirani aliyefikia hapo huwa amekwisha kulalamika mara nyingi, akajibiwa “huja tu”. Simtetei, ila ningependa tumsikilize kabla hajakwenda dukani kununua sumu.

Kwetu tumekubaliana hivi: anayelisha ndiye mwenyewe. Kila chumba kinachomtupia jike wa uani chochote kimechangia pesa za daktari, akachanjwa, akafungwa kizazi. Ningeomba kaunti nazo, zinapopita mitaani kuchanja mbwa, zije na huduma ya paka kwa bei ambayo mpangaji wa chumba kimoja anaiweza, kwani upasuaji wa jike ni wa kufungua tumbo na si kila mfuko unaumudu.

Mzee mmoja wa mtaa alinikataza. Alisema kumfunga kizazi kiumbe ni kumdhulumu na kubadilisha maumbile ya Mungu. Namheshimu, na najua masheikh wenyewe wamekhitilafiana juu yake, wapo wanaoruhusu panapokuwa na haja. Nilimjibu, “Mzee wangu, twende sote sokoni nikakuonyeshe boksi, kisha uniambie dhuluma iko wapi.” Amesema atakuja Ijumaa baada ya swala.